Kucheza na kompyuta, kucheza na mtu: kisa cha shoka letu

Kaa jioni moja kwenye kibanda cha gemu, uswahilini popote pale, uangalie. Kuna kijana anaifunga kompyuta mabao manne kwenye kiwango kigumu kuliko vyote. Anapita pembeni hadi mstari wa mwisho, anarudisha pasi nyuma, goli. Dakika kumi baadaye kompyuta inafungwa vilevile. Kisha anakuja mtoto wa darasa la sita, anashika pedi ya pili. Pasi ya kwanza ya nyuma inapita, ya pili inapita, ya tatu mtoto ameshamsimamisha beki palepale. Mechi inaisha na kijana hasemi kitu.

Mimi kazi yangu ni kupanga namba. Timu yetu ni ndogo, tunatengeneza gemu ya mapigano ya simu yenye pande mbili: hadithi unayocheza peke yako, na uwanja wa kupigana na watu mtandaoni. Kila tukitoa sasisho, upande mmoja unaniuliza kwa nini nimeiharibu silaha yao. Mara nyingi nimeiharibu kweli, kwa kuwatendea haki wa upande wa pili.

Adui wa kompyuta ametengenezwa ashindwe. Simdharau kwa kusema hivyo, maana kushindwa vizuri ni kazi ngumu. Anatakiwa akutishe, akubane, akufundishe kitu, halafu aanguke ukiwa umeshaanza kuamini kwamba utakayekufa ni wewe. Ndiyo maana bosi, yule adui mkubwa anayekungoja mwishoni mwa sura, huinua rungu hadi juu ya kichwa kabla ya kupiga. Jicho likiona kitu, kidole huchukua takriban robo sekunde kuitikia. Tukimpa bosi nusu sekunde ya kuinua rungu, tumekupa wewe muda wa kuona, kuamua na kukwepa. Mtu wa upande wa pili hawi na huruma hiyo. Atachagua pigo fupi kuliko yote aliyonayo, na pigo hilo tulilifanya fupi kwa nia njema, kwa sababu upanga unaochelewa kuitikia kidole unachosha mtu anayepambana na mazimwi usiku kucha. Wepesi uleule unaokupa raha mbele ya zimwi unakuwa dhuluma mbele ya binadamu ambaye hakupata hata nafasi ya kuuona.

Sasa hesabu. Shoka letu lilikuwa na nguvu ya pigo 50. Uhai wa mchezaji ni 100, kwa hiyo mapigo mawili yanamaliza kazi. Uwanjani ikafika mahali kila mtu anabeba shoka. Nikalipunguza hadi 45, nikijiambia kwamba ni asilimia kumi tu. Lakini 45 mara mbili ni 90. Pigo la tatu likahitajika, na kutoka mawili kwenda matatu ni ongezeko la nusu nzima. Uwanjani hilo ndilo nililolitaka, na lilifanya kazi.

Upande wa hadithi kuna pango la popo katika sura ya kwanza. Wanakuja sita kwa pamoja, kila mmoja ana uhai 50. Shoka ni zito, linakwenda polepole, ila lilikuwa linamwangusha popo mmoja kwa kila pigo, na raha yote ya pango ilikuwa hapo. Kwa 45 kila popo akataka mapigo mawili, na shoka halina kasi hiyo. Usiku uleule watu ambao hawajawahi kukanyaga uwanjani wakaanza kufia kwenye pango la wanaoanza. Bosi wa sura hiyo ana uhai 1,500, kwa hiyo mapigo 30 yakawa 34. Kila anapochoka anakuachia nafasi ya mapigo matatu, maana yake mizunguko kumi ikawa kumi na miwili, na huo wa kumi na moja ndio unaomfanya mtu azime simu. Mama mmoja anayecheza na mwanawe kwa kupokezana simu alituandikia kwamba mtoto anauliza amekosea nini. Hakuwa amekosea chochote. Ujumbe ule nimeuhifadhi hadi leo.

Wakubwa wa kazi hii walishajikwaa hapo zamani. Gemu ya Guild Wars ilitoka mwaka 2005 ikiwa na mbinu mamia kwa mamia, na mbinu ikipunguzwa makali kwa ajili ya mapambano ya watu, wanaopigana na mazimwi wanaumia bila kosa. Mwaka 2008 watengenezaji wake, ArenaNet, wakaanza kuzigawa: jina moja, namba mbili. Gemu ya Elden Ring ilipotoka Februari 2022 silaha ilikuwa na nguvu zilezile popote ulipo. Oktoba ya mwaka huo, sasisho la 1.07 likawawezesha watengenezaji wake, FromSoftware, kurekebisha makali kwa mapambano ya watu peke yake bila kumgusa anayehangaika na mabosi.

Blizzard walikwenda mbali zaidi. Gemu yao ya kuongoza majeshi, StarCraft II ya mwaka 2010, katika hadithi yake inakupa askari ambao mtandaoni hawapo kabisa: Firebat, Medic, Goliath, Vulture, wote wa StarCraft ya kwanza ya 1998 na nyongeza yake, Brood War, ya mwaka huohuo. Naiheshimu sana kazi ile. Hadithi ikapata uhuru wa kumpa mchezaji vitu vilivyozidi kipimo, na uwanja ukabaki safi. Gharama yake ni kwamba mtu anamaliza hadithi nzima akijiona jemadari, anaingia mtandaoni, jeshi alilolizoea halipo. Walilijua hilo, wakaweka daraja la kumvusha: majaribio tisa mafupi yanayomfundisha mchezaji mambo ya uwanjani, likiwemo la kujilinda dhidi ya anayekuvamia mapema. Kwangu mimi yale majaribio tisa yana thamani kuliko askari wote wa ziada.

Nami nikagawa. Ila mara ya kwanza niligawa vibaya. Nilirudisha 50 pande zote, halafu uwanjani peke yake nikalifanya shoka lipige polepole zaidi. Kwenye karatasi ilipendeza. Wachezaji wakasema shoka la uwanjani "si lile", na walikuwa sahihi. Mikono yao ilikuwa imejifunza mdundo wa shoka kwenye hadithi kwa saa nyingi, nami nikaubadilisha mlangoni pa uwanja.

Hapo ndipo nilipomwelewa Jaime Griesemer, mmoja wa wabunifu wa gemu za risasi za Halo. Kwenye GDC, mkutano wa watengenezaji wa gemu, mwaka 2010 alitoa mada nzima kuhusu badiliko moja katika Halo 3: muda kati ya risasi na risasi wa bunduki ya mdunguzi, kutoka sekunde 0.5 hadi 0.7. Mada nzima, kwa sehemu mbili za kumi za sekunde! Niliposikia mara ya kwanza niliona ni kutia chumvi. Sasa naona ni kipimo sahihi cha uzito wa jambo lenyewe. Namba ya nguvu mchezaji huisoma kwenye skrini. Muda unakaa kwenye misuli, na misuli haisomi tangazo la sasisho.

Kwa hiyo kanuni ninayoishika ni hii: nguvu ya pigo itofautiane kati ya pande mbili kadiri inavyotakiwa, ila muda wa pigo na urefu wa mkono wa silaha visiguswe. Shoka leo lina 50 kwa popo na 45 kwa mtu, mdundo mmoja. Namba zote mbili tumeziandika kwenye ukurasa wa silaha, kwa sababu mchezaji anayegundua mwenyewe kwamba zinatofautiana huona amedanganywa.

Kuna sehemu moja tu ya muda niliyoigusa, na ni kwa sababu mtandao ulikuwa umeshaigusa kabla yangu. Hadithi yote inachezwa ndani ya simu yako, hakuna safari. Uwanjani, kama seva ipo Ulaya, data ikitoka Dar es Salaam kwenda na kurudi inakula zaidi ya milisekunde mia moja, hata mtandao ukiwa mzuri. Kinga inayotaka uitikie ndani ya milisekunde mia tatu inawezekana dhidi ya bosi. Dhidi ya mtu wa mbali unakuta theluthi ya muda au zaidi imeliwa njiani. Tukaurefusha muda wa kujikinga uwanjani, kwa kiasi kile kinacholiwa tu. Pigo lenyewe linaonekana vilevile.

Na si kila kitu cha hadithi kitafutiwe mwenzake wa uwanjani. Gemu ya Titanfall 2 ya mwaka 2016 ina hatua ambayo kwa kubonyeza kitufe unaruka kati ya wakati uliopita na wa sasa, katikati ya mapigano. Watengenezaji wake wangesema kila kifaa lazima kitumike na mtandaoni, hatua ile isingezaliwa, kwa sababu huwezi kumrusha mtu mwingine kwenye wakati aliouchagua mpinzani wake. Mkiwa kwenye kikao na mtu akauliza "hiki mtandaoni kitafanyaje kazi?", jibu la "hakitakwenda mtandaoni" linatosha.

Ninachokishughulikia sasa ni daraja letu wenyewe. Mwishoni mwa hadithi nimeweka mpinzani wa kompyuta asiyeinua rungu juu. Anapiga mapigo mafupi kama mtu, na ukimfanyia ujanja uleule mara mbili, mara ya tatu anakungoja pale. Hana zawadi kubwa, na ukitaka unampita. Wiki iliyopita yule mama aliandika tena. Mwanawe amepigwa na mpinzani huyo mara kumi na moja, hajazima simu.