Data kuu: kwa nini mwanachama mmoja huhesabiwa watu watatu

Data kuu ni taarifa za vitu ambavyo kila idara huvitaja: mwanachama, bidhaa, tawi. Muamala hutokea mara moja ukaisha, lakini jina la mkopaji litaitwa tena kwenye akiba, mikopo, ujumbe wa simu na ripoti.

Chukua SACCO (chama cha akiba na mikopo) ya Busia, Uganda. Kwenye akiba yumo Kato Musa, simu inaanza 0772. Kwenye mikopo ni Musa Kato, 772, kwa sababu Excel iliisoma simu kama hesabu ikala sifuri ya mbele. Kwenye orodha ya ujumbe ni M. Kato, +256772. Ripoti inahesabu watu watatu, na amelipa deni lakini bado anatumiwa ujumbe wa kudaiwa.

Wengi hapo hukimbilia programu mpya, na fedha hupotea bure, maana hakuna aliyeamua nani ana haki ya kubadilisha jina. Anza na karatasi moja: kila taarifa, mfumo unaoitunza, afisa anayeiwajibikia. Jina na simu zibadilishwe kwenye dawati la usajili tu. Mikopo wasome, wasihariri.

Kisha mpe kila mwanachama namba isiyobeba maana yoyote. NIN, yaani namba ya kitambulisho cha taifa yenye herufi na tarakimu 14, inafaa kumthibitisha mtu siku ya kujiunga, lakini usiisambaze kila jedwali. Mkimbizi hutumia kitambulisho kingine, na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inakudai ukusanye kinachohitajika tu. Namba ya simu ndiyo mbaya zaidi: laini huhama mikono.

Kuunganisha rekodi rudufu kunataka subira. Simu zote ziandikwe kwa muundo mmoja, +256 na tarakimu 9, ndipo ulinganishe. Usiiachie kompyuta iamue kwa ukoo, tarehe ya kuzaliwa na simu ya mzazi, kwani Wasswa na Kato ni mapacha na vyote hivyo vinafanana. Ukiwaunganisha, akiba ya mmoja inalipa mkopo wa mwingine. Jozi zenye mashaka azisome mtu, fomu zao za kujiunga zikiwa mezani. Na rekodi ya zamani usiifute: iache ielekeze kwenye ile inayobaki, ili miamala yake isikose mwenyewe, na kosa likionekana mwezi ujao iwezekane kuwatenganisha tena.