Kifaransa cha kuombea maji: yanayosemwa na ukweli wake

Mtoto wa sekondari akirudi nyumbani na kusema amechagua Kifaransa, mara nyingi kikao cha familia huanza hapohapo. Kitamsaidia nini? Si bora aongeze Hisabati? Wazazi wana haki ya kuuliza. Tatizo ni kwamba majibu mengi wanayojipa hayana ukweli.

"Miaka minne na hajui kuongea, basi hakujifunza kitu"

Acha miaka, hesabu saa. Tuseme shule ina vipindi vitatu kwa wiki, kila kimoja dakika 40. Hizo ni saa mbili. Kwa wiki 36 za masomo zinakuwa saa 72 kwa mwaka, na kwa miaka minne saa 288, hapo hujatoa mitihani, mahafali na siku ambazo mwalimu hakuonekana. Chuo kinachowafundisha lugha wanadiplomasia wa Marekani hukadiria saa 600 hadi 750 za darasani ili mzungumzaji wa Kiingereza akimudu Kifaransa cha kazini, tena katika madarasa madogo, karibu kila siku. Mwanafunzi wetu hajafika hata nusu, na darasani amebanana na wenzake lukuki. Kumdai ufasaha ni kumwonea. Anachotoka nacho ni kile tunachokidharau kwa kukiita cha kuombea maji: tarakimu, tarehe, salamu, kuuliza bei na njia, kuunga sentensi fupi, na kusoma karatasi akapata inahusu nini.

"Asipokitumia, kitafutika chote"

Kwa maoni yangu hii ndiyo dhana inayoharibu zaidi, kwa sababu inaonekana kuthibitika mbele ya macho yetu. Mwaka 1984 mwanasaikolojia Harry Bahrick alichapisha utafiti uliohusisha watu 733 nchini Marekani, wengi wao waliowahi kujifunza Kihispania sekondari au chuoni. Baadhi walikuwa bado masomoni. Wengine walikuwa wameacha miaka 50 nyuma, na kwa kawaida hawakukitumia tena kwa kiasi cha maana. Aligundua kwamba miaka mitatu hadi sita ya mwanzo watu husahau kwa kasi. Baada ya hapo kusahau kunasimama, na kilichobaki hukaa karibu vilevile kwa muda unaofikia miaka 30, ndipo kinaanza kupungua tena. Waliosoma kwa muda mrefu na kufaulu vizuri walibaki na mengi zaidi.

Kwa hiyo mzazi anayemwona binti yake akitafuta neno bila kulipata, miaka miwili baada ya mtihani, anamtazama akiwa kwenye mteremko wenyewe, na hapohapo anatoa hukumu ya maisha. Halafu kuna jambo ambalo Hermann Ebbinghaus alilionyesha tangu 1885 kwa kujifanyia majaribio mwenyewe: ulichowahi kujifunza, hata ukidhani kimepotea, kukirudia huchukua muda mfupi kuliko mara ya kwanza.

"Ni lugha ya wanaokwenda Ulaya"

Kongo iko hapa jirani. Mizigo ya Lubumbashi hushushwa bandari ya Dar es Salaam, ikapita Tunduma, ikakatiza Zambia hadi mpakani Kasumbalesa. Mteja kutoka huko akifika Kariakoo atakuongelesha Kiswahili, hilo ni kweli. Lakini Kiswahili chao kimechanganyika sana na Kifaransa, hasa kwenye namba, na hati za serikali yao zimeandikwa Kifaransa. Wakala wa mizigo anayeweza kusoma uzito, kodi na tarehe bila kumtafuta mtu amejiokolea nusu siku. Arusha nako, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ina Kifaransa miongoni mwa lugha zake za kazi. Mji wenye wageni wa aina hiyo huhitaji wahudumu wa hoteli na madereva, wakalimani wakiwa wachache tu kati yao.

"Kidato cha kwanza umeshachelewa"

Kwa lafudhi, labda. Catherine Snow na Marian Hoefnagel-Höhle walipowafuatilia wazungumzaji wa Kiingereza waliokuwa wakijifunza Kiholanzi nchini Uholanzi, katika utafiti uliochapishwa 1978, vijana wa miaka 12 hadi 15 waliwatangulia watoto wadogo katika miezi ya mwanzo.

"Lugha ya pili hukinga usahaulifu wa uzeeni"

Watetezi wa lugha nao hutia chumvi. Utafiti wa Toronto wa 2007 uliwakuta wazungumzaji wa lugha mbili wakionyesha dalili za ugonjwa wa usahaulifu takriban miaka minne baadaye kuliko wengine, lakini tafiti zilizofuata hazikukubaliana. Tena wale waliishi na lugha zote mbili kwa sehemu kubwa ya maisha yao. Mtoto aliyekulia na Kisukuma na Kiswahili anakaribiana nao zaidi kuliko mwenye vipindi vitatu kwa wiki.

"Simu itatafsiri"

Itatafsiri, na mara nyingi vizuri. Itumie. Ila kwenye mkataba, programu ikimgeuza muuzaji kuwa mnunuzi au ikaruka neno la kukanusha, sentensi itakayotoka bado itasomeka safi kabisa. Mwenye Kifaransa chake kidogo atairudia karatasi yenyewe na kuuliza. Asiye nacho ataweka saini.