Mishipa mitatu haitoshi kuuita mti mdalasini

"Jani lina mishipa mitatu inayoanzia kwenye kikonyo, basi ni mdalasini." Nimeyasikia haya kwa wanafunzi, kwa wauza miche, hata kwa waganga wa mitishamba, na karibu wote huja na jani moja tu, tena limeshanyauka.

Mpangilio huo wa mishipa umejitokeza katika familia zilizo mbalimbali kabisa. Mkunazi unao, nao ni Rhamnaceae. Mtonga unao, mitatu hadi mitano, nao ni Loganiaceae. Sasa tazama mparachichi: ni ndugu wa kweli wa mdalasini, wote Lauraceae, lakini mishipa yake huchepuka kutoka mshipa wa kati, mmoja baada ya mwingine hadi nchani, sawa na ya mwembe. Anayehesabu mishipa tu atamkana ndugu na kumkumbatia mgeni.

Lipindue jani. La mkunazi ni jeupe chini kwa vinyweleo, na tawi lake lina miiba. Kisha lifikiche. La mdalasini litanukia karafuu, maana mafuta yake yamejaa yujenoli, kemikali ile ile inayoipa karafuu harufu yake. La mtonga halina harufu hiyo. Na msiseme haya ni ya darasani. Jenasi ya mtonga, yaani kundi la ndugu zake wa karibu ndani ya familia, ni Strychnos, nayo ndiyo yenye ule mti wa India unaotoa sumu ya strikini. Kuchemsha chai ya majani kwa kuamini mishipa pekee ni kuchezea uhai.

Wengine nao husema mishipa haina maana yoyote. Inayo! Mkarafuu, mzambarau na mkaratusi ni Myrtaceae, na majani yao yana mshipa mwembamba unaoambaa kandokando ya ukingo. Liinue jani kwenye jua, utaona na vitone vya mafuta. Dalili mbili zikikubaliana, hapo ninasikiliza.

"Jani moja latosha." Halitoshi. Mche wa Eucalyptus globulus, aina ya mkaratusi, una majani mapana ya rangi ya samawati, hayana vikonyo. Mti mzima una marefu yaliyopinda. Nileteeni kitawi kizima, ikiwezekana chenye ua au tunda.

"Mwarobaini una majani madogo." Hivyo ni vipande vya jani. Jani zima huanzia kwenye tawi, pale penye chipukizi changa, na limegawanyika mara moja: vipande vimejipanga kwenye uti mmoja. La ndugu yake Melia azedarach limegawanyika mara mbili au zaidi: uti huo nao una matawi yenye vipande. Ukichuma kipande kimoja, tofauti hiyo umeiacha mtini.