Jeti Kubwa Haiongezi Nguvu: Kwa Wenye Pikipiki Kuukuu

Wiki hii imeletwa kwenye karakana yangu, hapa Mombasa, Honda CG125 nyingine kuukuu ambayo imeongezwa jeti kuu, tundu la kabureta linalopima petroli, hatua kwa hatua mpaka inatoa moshi mweusi, na mwenyewe bado analalamika kwamba haina nguvu ya kupanda kuelekea Mazeras. Nilipomuuliza sababu ya kuongeza jeti, alinipa jibu lile lile ninalolisikia kuanzia Kongowea hadi Likoni, kwamba jeti kubwa huingiza mafuta mengi na mafuta mengi ndiyo nguvu. Jambo hili nimeshalieleza kwa mdomo kwa mteja mmoja mmoja kiasi cha kuchoka, na kwa kuwa linaharibu injini nzuri ambazo spea zake zinazidi kuadimika, naliandika hapa lote.

Kinachoweka kikomo cha nguvu ya injini ni hewa. Silinda ya ujazo wa 125 inaweza kuvuta kiasi fulani tu cha hewa kila valvu ya kuingizia inapofunguka, na hewa hiyo ina oksijeni ya kuchoma kiasi fulani tu cha petroli. Petroli huungua yote pamoja na oksijeni yote pale ambapo uzito wa hewa ni takriban mara 14.7 ya uzito wa mafuta. Injini hutoa nguvu yake kubwa zaidi mchanganyiko unapokuwa mzito kidogo kuliko hapo, yaani wenye mafuta zaidi, karibu 12.5 hadi 13 kwa moja. Ukivuka mpaka huo, mafuta ya ziada hayana oksijeni ya kuyachoma. Hutoka kama masizi kwenye silensa, hufunika plagi, na yale yanayobaki majimaji huosha oili kwenye ukuta wa silinda mpaka ringi zikaanza kulika. Kazi ya kabureta ni kupima, na kabureta inayopima vizuri huirudishia pikipiki kuukuu nguvu iliyotoka nayo kiwandani. Zaidi ya hapo haina cha kuongeza, hata ukiiwekea jeti ya ukubwa gani.

Imani hii imedumu kwa sababu ina chembe ya ukweli. Pikipiki nyingi kuukuu tunazonunua huku zimetumika Nairobi, mji ulio takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi. Ikiwa fundi wa huko aliipunguza jeti ili ilingane na hewa hiyo, pikipiki ikishuka pwani huvuta hewa nzito zaidi kwa jeti ile ile, na mchanganyiko huwa mwembamba, yaani wenye mafuta pungufu. Kwa kuwa kabureta huongeza mafuta kwa kufuata kipeuo cha pili cha uzito wa hewa, tofauti hiyo, baada ya kuzingatia joto letu, hufika takriban asilimia 8. Hapo kuongeza jeti ni sahihi kabisa, ila ni kuongeza kidogo. Kwa jeti za Keihin, ambazo namba yake ni kipenyo cha tundu kwa sehemu za mia za milimita, 100 inakwenda kwenye 105 hivi na inatosha. Kwa jeti za Mikuni zenye kichwa cha pembe sita, ambazo namba yake hufuata kiasi cha mafuta kinachopita, 100 inakwenda karibu na 107 au 110. Mtu anayechukua namba ya Mikuni akaitafuta kwenye jeti ya Keihin anabadilisha kitu kingine kabisa, na hilo ninaliona kila mara.

Sababu ya pili ni mpira unaounganisha kabureta na injini. Chumvi na joto la hapa huupasua upande wa chini, mahali pasipoonekana, na hewa isiyopimwa hupenya. Injini ikikosa mafuta kwa njia hiyo, jeti kubwa huficha ugonjwa kwa muda. Nyunyiza maji kidogo kuzunguka mpira huo injini ikiwa inanguruma taratibu. Mlio ukibadilika, nunua mpira na uiache jeti.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hasa linaniudhi, kwa sababu hata mafundi wenye miaka mingi kazini hulipita. Watu hugawanya kazi ya kabureta kwa mwendo wa pikipiki. Utasikia kwamba ikikosa nguvu kwenye mwendo mkubwa tatizo ni jeti kuu, na ikikosa kwenye mwendo mdogo tatizo ni pailoti, yaani jeti ndogo ya injini ikiwa taratibu. Kabureta haijui mwendo wako. Kinachoamua ni njia ipi inatoa mafuta ni kiasi ulichouzungusha mkono wa mafuta, yaani slaidi, kizibo kinachofungua njia ya hewa kwenye kabureta, imepanda kiasi gani. Kuanzia ilipofungwa hadi karibu robo, mafuta hutoka zaidi kwa pailoti pamoja na mkato ulio chini ya slaidi. Kuanzia robo hadi robo tatu, sindano inayoning'inia kwenye slaidi na mrija inamoingia ndivyo vinavyotawala. Jeti kuu hushika usukani kuanzia robo tatu hadi mwisho. Mipaka hii huingiliana na wala haikatwi kwa kisu, lakini inatosha kuonyesha kosa lilipo. Mtu anayekwenda kilomita 60 kwa saa kwenye barabara ya Mtwapa, peke yake, upepo ukimsukuma, pengine ameufungua mkono wa mafuta robo tu. Jeti kuu anayoilaumu haijaanza kazi yake.

Tuliangalie kwa hesabu, maana hapa maneno matupu hayamsaidii mtu. Petroli ikitoka kwenye bakuli la floti hupita matundu mawili yaliyofuatana: kwanza jeti kuu, kisha nafasi nyembamba iliyo kati ya sindano na mrija wake. Chukua jeti yenye tundu la milimita 1.00, eneo lake ni kama milimita za mraba 0.79. Chukua mrija wa kipenyo cha milimita 2.60 na sindano ambayo kwenye robo ya mkono wa mafuta ina unene wa milimita 2.50, nafasi inayobaki ni kama milimita za mraba 0.40. Tundu dogo ndilo linaloamua. Sasa mwenye pikipiki akaweka jeti ya 1.10, ambayo eneo lake limeongezeka kwa asilimia 21. Kwenye robo ya mkono wa mafuta, mafuta yanayopita yameongezeka kwa asilimia 3 hivi tu, kwa sababu nafasi ya sindano imebaki ile ile. Amelipa pesa, amevunja vichwa vya skrubu za bakuli, na pale anapoendesha kila siku hakuna kilichobadilika isipokuwa kidogo sana. Akiuvuta mkono wa mafuta mpaka mwisho kwenye mpando, hapo ndipo sehemu kubwa ya ile asilimia 21 inapomfikia, na injini inazama kwenye mafuta.

Geuza mfano huo. Iache jeti ya 1.00 mahali pake, lakini mrija wa sindano uwe umelika kwa milimita 0.03, unene usiofika nusu ya karatasi ya daftari. Nafasi inakuwa karibu milimita za mraba 0.52, na mafuta yanayopita kwenye robo ya mkono wa mafuta yanaongezeka kwa zaidi ya asilimia 20. Huu ndio ugonjwa wa pikipiki kuukuu. Kila injini inapotetema, sindano husugua upande mmoja wa mrija, na baada ya miaka mingi tundu lililokuwa duara kamili huwa na umbo la yai. Pikipiki hunywa mafuta, hukohoa ukiishikilia katikati, husita unapotoka kwenye mataa ya Buxton, na mwenyewe, akisikia inasita, huongeza jeti. Anaongeza mafuta kwenye injini ambayo tayari inalewa.

Toa mrija, uinue kwenye mwanga, uutazame kwa kioo cha kukuzia. Ukiona umbo la yai, au ukiona sindano ina sehemu inayong'aa iliyolika, badilisha vyote viwili pamoja, kwa sababu sindano mpya ndani ya mrija uliolika ni pesa iliyotupwa. Kushusha sindano kwa kupandisha klipu inayoishika kikato kimoja ni nafuu ya muda tu: husaidia katikati ya mkono wa mafuta, lakini karibu na robo, ambako sehemu kubwa ya sindano ni nyoofu bila kupungua unene, haisaidii sana. Kwenye kabureta zenye kiwambo cha mpira kinachopandisha slaidi kwa mvuto wa hewa, kagua pia kiwambo hicho kwa kukivuta taratibu mbele ya taa. Tundu dogo la kupitisha ncha ya pini linatosha kuizuia slaidi isipande, na pikipiki ikakataa kabisa kuongeza mwendo.

Ili usibahatishe, bandika kipande cha utepe kwenye mkono wa mafuta na kingine pembeni yake, kisha uchore alama za robo, nusu na robo tatu. Endesha, na injini inapoleta shida tazama alama gani imefika. Sijui kifaa cha bei ndogo kinachozidi utepe huo, na ninasikitika kwamba ni wateja wachache wanaokubali kuutumia kabla ya kuomba jeti.

Skrubu ya pailoti nayo ina dhuluma yake. Ikiwa skrubu iko upande wa chujio la hewa, inapima hewa: ukiikaza mchanganyiko unakuwa mzito, ukiilegeza unakuwa mwembamba. Ikiwa iko upande wa injini, mbele ya slaidi, inapima mafuta yaliyokwisha kuchanganywa, na mambo hugeuka: ukiilegeza ndipo mchanganyiko unapokuwa mzito. Anayekuambia "legeza skrubu zunguko moja na nusu" bila kuuliza iko upande gani amekupa mahali pa kuanzia tu. Pasha injini moto kwanza, kisha zungusha skrubu polepole mpaka ufikie pale injini inaponguruma kwa kasi zaidi na bila kusita. Ikiwa mahali hapo panapatikana chini ya nusu zunguko au zaidi ya mizunguko mitatu, pailoti si ya ukubwa unaofaa, au imeziba. Hapa pwani, izibue kabla ya kuibadilisha, maana maji yanayokaa chini ya bakuli huzaa unga mweupe unaoingia kwenye tundu lake. Tumia dawa ya kusafishia na hewa ya kompresa. Waya wa chuma usiingize, kwa sababu utalipanua tundu nawe hutajua.

Kuhusu kuondoa chujio la hewa sitasema mengi. Vumbi la matumbawe na mchanga wa barabara zetu hula silinda, na boksi la chujio limepimwa pamoja na kabureta tangu kiwandani. Lirudishe.

Hata haya yote ni kazi bure ikiwa nafasi za valvu hazijapimwa, plagi imechakaa, au platini, yaani swichi za moto wa plagi, zimeungua kwa zile pikipiki ambazo bado zinazitumia. Sehemu kubwa ya kabureta zinazolaumiwa hazina kosa. Moto wa plagi ndio dhaifu.

Yapo mambo ambayo vitabu huyasema kwa uhakika nisiokuwa nao. Rangi ya plagi ni mojawapo. Tulifundishwa kwamba kahawia ya maziwa ni nzuri, nyeupe ni nyembamba, nyeusi ni nzito, na mafunzo hayo yalikaa vizuri zamani za petroli yenye risasi, ambayo nchi zetu za kusini mwa Sahara ziliiacha kufikia 2006. Kwa petroli ya sasa rangi huchelewa kujitokeza, na plagi iliyosimama kwenye foleni ya feri kabla ya kunifikia hunionyesha hali ya injini ikiwa taratibu tu. Ninaitazama, lakini siamui kwa plagi peke yake. Wasiwasi wangu wa pili ni namba za jeti zenyewe. Katika jeti za bei nafuu nimekuta mbili zenye namba moja na matundu tofauti, kwa hiyo kila mpya naipima kwa pini kabla ya kuifunga. Na ile hesabu ya Nairobi na Mombasa hunipa mahali pa kuanzia. Unyevu wetu hupunguza oksijeni kidogo, na injini iliyochoka haifuati hesabu ya kitabu.

Wenye pikipiki za silinda mbili na kabureta mbili wana kazi moja zaidi, kuzilinganisha. Unganisha vipimo vya mvuto wa hewa kwenye manifoldi zote mbili, kisha urekebishe kiungo cha slaidi mpaka visomeke sawa, injini ikiwa taratibu na ukiivuta kidogo. Bila hivyo silinda moja huiburuta nyingine, na mtetemo unaousikia kwenye miguu hautaondolewa na jeti yoyote.

Jeti kuu ije mwisho, baada ya mpira, moto, pailoti na sindano kuwa sawa. Tafuta barabara ndefu isiyo na msongamano, injini iwe na joto lake, na uuvute mkono wa mafuta mpaka mwisho kwa gia ambayo injini inaibeba bila kuhangaika. Kisha uurudishe kidogo sana. Ikiwa injini inavuta kwa nguvu zaidi unapourudisha, jeti ni ndogo, ongeza hatua moja. Ikiwa ilikuwa inakohoa kwa uzito na ikasafika ulipourudisha, jeti ni kubwa, punguza hatua moja. Hatua moja kila jaribio, na namba ya jeti iliyotoka uiandike mahali usipoweza kuipoteza.