Eshapema ya kamioni ikivuja: yanayosemwa Goma na ukweli wake

Mawe ya volkano hayana huruma na chuma kilicho chini ya gari. Kamioni inayoshuka kutoka Masisi na viazi hugonga, hutikisika na kupita kwenye madimbwi eshapema, yaani bomba la moshi, ikiwa ya moto, na siku moja inaanza kunguruma. Hapo mwenye gari hupata washauri kumi kabla hajazima injini. Sehemu kubwa ya wanayomwambia haishiki.

"Ni kelele tu, haiui mtu."

Inaua. Ndani ya moshi unaovuja kuna monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu. Hemoglobini ya damu huishika kwa nguvu inayozidi ile ya kushika oksijeni zaidi ya mara 200, kwa hiyo mtu anapumua vizuri huku mwili unakosa hewa. Injini ya mazutu (dizeli) hutoa gesi hiyo kidogo kuliko ya petroli, lakini hutoa. Na mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO, Shirika la Afya Duniani, liliuweka moshi wa mazutu kati ya vitu vinavyosababisha saratani.

Hapa kwetu kuna kosa jingine, linalotokana na ujuzi wenyewe. Tunayajua mazuku. Tunajua gesi ile hulala mabondeni, ikaua mbuzi na watoto. Basi dereva anasema yeye amekaa juu kwenye kabini, hawezi kudhurika. Lakini mazuku ni kaboni dioksidi, nzito kuliko hewa. Monoksidi ya kaboni ina uzito unaokaribia ule wa hewa, haikai chini. Hupanda kupitia matundu ya pedali na ya mti wa gia mpaka puani. Kichwa kikikuuma barabarani, ukaona kizunguzungu na kichefuchefu, halafu nafuu ikaja ulipoteremka, usiilaumu malaria kwanza. Na usilale kwenye kabini injini ikiwaka, hata kama baridi ya usiku ni kali.

"Ikipata moto inanyamaza, basi imejiziba."

Chuma kimepanuka tu. Mlio wa tik-tik asubuhi, unaopungua injini ikichemka, mara nyingi hutoka kwenye jointi (gasketi) ya kolekteri, bomba linalokusanya moshi pale kwenye injini, au bolti iliyokatika. Kwenye kamioni yenye turbo, feni inayosukuma hewa ndani ya injini, moshi unaotorokea hapo ni nguvu iliyopaswa kuzungusha turbo. Mlima unakuwa mgumu, moshi mweusi unaongezeka, mazutu yanaisha haraka.

"Kopo la nyanya na waya, kazi imekwisha."

Inategemea tundu liko wapi. Nyuma ya silensa, bati lililobanwa vizuri juu ya mastiki ya eshapema, gundi ya kuzibia, litakusogeza, mradi umekwangua kutu mpaka chuma king'ae na umeacha mastiki ikauke. Bisibisi ikizama kwenye bomba, usipake chochote: kata kipande hicho. Karibu na injini, kopo na silikoni nyekundu havidumu. Injini ikibeba mzigo mlimani, moto wa pale huvishinda vyote.

"Bila garaji kubwa huwezi kujua inapovuja."

Subiri injini ipoe. Mwombe fundi wa matairi apulize hewa taratibu kwenye mdomo wa bomba la nyuma, ziba pembeni kwa kitambaa, kisha paka maji ya sabuni kwenye maungio. Povu litakuonyesha. Wakati mwingine hata sabuni haihitajiki, kwa sababu masizi meusi yamekwisha chora njia yao.

Kubadilisha bomba la nyuma, vibano au silensa unaweza nyumbani. Jointi ya kolekteri pia, ukiwa na subira: mafuta ya kulegeza kutu tangu jana yake, jointi mpya kila mara, bolti zikazwe kutoka katikati kwenda pembeni kwa awamu, si kwa hasira, kisha zikaguliwe injini ikishachemka na kupoa. Bolti ikikatikia ndani ya kilasi, kichwa cha injini, hapo lipa fundi mwenye vifaa. Tundu likitobolewa upande, utanunua kilasi.

"Bomba lolote la chuma linafaa kuchomelewa."

Bomba la maji lililopakwa zinki likichomelewa hutoa moshi mweupe, na usiku fundi anatetemeka kwa homa. Pia toa waya wa betri kabla ya kuchomelea kwenye gari, la sivyo alternata na kompyuta ya injini vinaweza kuungua.

"Jeki inatosha."

Haitoshi. Kwenye kokoto zetu huzama upande mmoja. Weka ubao mnene chini yake, zuia magurudumu, kisha tegemeza chasi kwa vigogo au stendi za chuma kabla kichwa chako hakijaingia chini.