Risiti zinatosha: namna ya kumuuzia mteja kitu cha pili bila kuichezea namba yake ya simu

Tangu Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania izinduliwe rasmi Aprili 3, 2024, wafanyabiashara wanaofika kwenye dawati letu la ushauri huja na swali lilelile katika sura tofauti. Mwenye duka la vipodozi anauliza kama anaruhusiwa kuwatumia wateja ujumbe kwamba mzigo mpya umeingia. Mwenye duka la simu ameletewa flashi yenye orodha ya namba na anataka kujua kama ainunue. Mwingine ameshatuma ujumbe kwa mamia ya watu, mmoja amelalamika, na sasa anauliza afanyeje. Wote wanatafuta jambo halali kabisa: mteja aliyekuja kununua kitu kimoja aondoke na viwili vinavyoendana. Ndiyo mauzo ya nyongeza, na hakuna sheria inayoyakataza.

Wanapokosea ni pale wanapodhani kwamba taarifa za manunuzi maana yake ni namba za simu. Namba inakwambia pa kumpata mtu. Haikwambii kitu gani kinaendana na kitu gani, na hilo ndilo swali la kwanza la mauzo ya nyongeza. Jibu lake limo kwenye risiti, tena risiti isiyo na jina la mtu.

Miezi michache iliyopita nilikaa siku nzima nyuma ya kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi huko Goba, Dar es Salaam. Mama mwenye duka alinipokea na daftari lenye namba za wateja, akasema, "Mwanangu, taarifa zangu hizi hapa, nisaidie nizitumie." Nikamwomba risiti. Mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi, ilikuwa pale pale, na risiti za wiki nzima zilikuwa zimechomekwa kwenye msumari. Nilipozishika, karibu zote zilikuwa na mstari mmoja: BIDHAA, kisha jumla, kisha VAT ya asilimia 18. Mteja amenunua rangi, msasa na tina. Mashine imeandika "bidhaa". Na zile zilizokaa karibu na dirisha zilikuwa zimefifia hata tarehe haisomeki, maana karatasi ile haistahimili joto wala jua.

Hapo ndipo kazi inapoanzia. Kila bidhaa ipewe jina lake na namba yake kwenye mashine au kwenye programu ya mauzo, na muuzaji asipige jumla ya mkato eti foleni ni ndefu. Najua foleni ni ndefu. Lakini risiti inayosema "bidhaa" mara elfu moja haina cha kukufundisha, na mnunuzi naye anastahili risiti inayoonyesha alichonunua. Kumbukumbu zihamishiwe kwenye kompyuta kabla karatasi haijafa. Miezi mitatu ya risiti zilizoandikwa vizuri inatosha kuanza.

Jambo moja watu hulipita bila kuliona. Mnunuzi anapotoa jina, TIN na namba ya simu ili aandikiwe risiti, amevitoa kwa ajili ya kodi na hesabu zake. Hajavitoa ili umtumie matangazo. Unapoandaa jedwali la uchambuzi, safu hizo tatu ziondoe. Bakiza namba ya risiti, tarehe, saa, bidhaa, idadi na bei. Kwa swali la nini kinaendana na nini, huhitaji zaidi ya hapo.

Sasa hesabu. Tarakimu hizi ni za mfano. Una risiti 1,000. Risiti 200 zina rangi, risiti 120 zina brashi, na risiti 90 zina vyote viwili. Wengi huishia hapo na kusema asilimia 45 ya wanunuzi wa rangi hununua brashi. Endelea hatua moja. Kama rangi na brashi zingekuwa hazijuani kabisa, zingekutana kwenye risiti ngapi kwa bahati tu? Zidisha 200 kwa 120, gawanya kwa 1,000: ni 24. Zimekutana mara 90. Gawanya 90 kwa 24, unapata 3.75. Darasani tunakiita kipimo hiki uwiano wa mvuto. Kikizidi 1 kwa mbali, bidhaa hizo zinavutana kweli.

Chukua na saruji. Risiti 600 kati ya zile 1,000 zina saruji, na 110 zina saruji pamoja na rangi. Asilimia 55 ya wanunuzi wa rangi wamechukua saruji! Mwenye duka anafurahi na kumwagiza kijana wake awaambie wanunuzi wote wa rangi kuhusu saruji. Lakini kwa bahati tu zingekutana mara 120. Zimekutana mara 110, uwiano ni 0.92. Anayenunua rangi ana uwezekano mdogo kidogo wa kununua saruji kuliko mteja yeyote anayeingia dukani. Nyumba yake imeshapita hatua ya saruji. Saruji inaonekana kila mahali kwa sababu kila mtu hununua saruji, kama sukari kwenye duka la mangi, na ndiyo maana asilimia peke yake hudanganya.

Hesabu hizi si ngeni. Rakesh Agrawal, Tomasz Imieliński na Arun Swami wa kampuni ya IBM walichapisha mwaka 1993 namna ya kutafuta kwa kompyuta bidhaa zinazokutana kwenye risiti nyingi. Wewe mwenye bidhaa mia mbili utazimaliza kwa Excel.

Kila ninapofundisha, mtu hunyoosha mkono na kusimulia kisa cha nepi na bia: kwamba duka moja Marekani liligundua akina baba hununua nepi na bia jioni, likaziweka pamoja, mauzo yakaruka. Naomba tuache kukisambaza hivyo. Kilichotokea ni kwamba mwaka 1992 timu ya Teradata, kampuni ya uchambuzi wa takwimu, iliyoongozwa na Thomas Blischok ilichambua vikapu vya manunuzi takriban milioni 1.2 kutoka maduka 25 ya dawa ya Osco Drug huko Marekani, na ikaona bidhaa hizo mbili zikikutana kati ya saa kumi na moja jioni na saa moja usiku. Duka halikuzisogeza pamoja. Mauzo yaliyoruka yaliongezwa na wasimuliaji.

Mvuto kwenye jedwali ni dokezo tu, na lazima ulijaribu. Turudi kwenye zile risiti 200 za rangi: 90 zina brashi, 110 hazina. Je, ni watu waliosahau brashi? Pale Goba tuliuliza kaunta kwa siku mbili: wengi walikuwa mafundi, brashi na rola wanazo kwenye begi. Kumsukumia fundi brashi ni kumkera. Anachoishiwa fundi ni msasa na tina. Mwenye nyumba aliyetumwa na fundi wake ndiye asiye na brashi, naye humtambui kwa takwimu, unamtambua kwa swali moja: "Unapaka mwenyewe au kuna fundi?" Kijana wa kaunta akilijua swali hilo, amekuzidishia mauzo kuliko ujumbe mia tano wa simu.

Kisha pima. Weka msasa kando ya rangi wiki moja, uondoe wiki inayofuata, urudishe, uondoe, kwa wiki nane. Usipime wiki ya mshahara dhidi ya wiki ya tarehe ishirini. Hapo utakuwa umepima mishahara. Vivyo hivyo msimu wa masika, Ramadhani, na Januari ya ada na sare za shule: kila kimoja kina vikapu vyake.

Sasa ile sehemu inayotuletea malalamiko. Yapo mauzo ya nyongeza yanayohitaji kumjua mtu. Aliyenunua nondo na saruji mwezi wa tatu atahitaji bati baadaye, kisha vifaa vya plasta, kisha rangi. Ili umkumbushe kwa wakati, lazima uunganishe risiti zake za siku tofauti na namba yake. Hapo umeingia kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, ambayo msingi wake ni haki ya faragha iliyomo kwenye Ibara ya 16 ya Katiba. Wewe ni mkusanyaji. Kampuni unayoilipa ikutumie ujumbe kwa wingi ni mchakataji, na lazima muwe na mkataba wa maandishi. Mkusanyaji na mchakataji wote wanatakiwa kusajiliwa na Tume. Cheti hudumu miaka 5, kisha huhuishwa. "Biashara yangu ni ndogo" nimeisikia mara nyingi mno. Kama unatunza taarifa za watu kwa ajili ya biashara, uliza Tume mapema, usisubiri barua.

Kuhusu ruhusa nitasema wazi, kwa sababu hapa uvumilivu unanipungua. Namba iliyoandikwa kwenye daftari la wageni si ruhusa. Namba iliyotokea kwenye muamala wa Lipa Namba si ruhusa. Kwamba mteja hakulalamika mara ya kwanza si ruhusa. Ruhusa ni mteja kuelezwa kusudi kabla, kwa lugha anayoielewa, naye akakubali. Sentensi hii inatosha kwenye fomu: "Naruhusu duka hili linitumie ujumbe kuhusu bidhaa zinazoendana na nilizonunua. Naweza kuacha wakati wowote, bila malipo na bila kutoa sababu." Kisanduku chake kiwe kitupu, mteja akijaze mwenyewe. Weka tarehe. Tunza fomu. Akisema acha, acha; sheria inampa haki ya kuzuia taarifa zake zisitumike kwa matangazo ya biashara yanayomlenga yeye, na haimtaki akushawishi.

Kwa taarifa nyeti kizuizi ni kikubwa zaidi: inatakiwa idhini ya maandishi, itolewe kabla. Wengi wanajua kwamba taarifa za afya ni nyeti. Wachache wanajua kwamba sheria yetu inataja pia miamala ya kifedha ya mtu na taarifa za watoto. Kwa hiyo wenye famasi, nawaomba sana. Dada mmoja alitueleza kwamba alinunua vitamini za wajawazito kwenye famasi ambayo sitaitaja. Wiki mbili baadaye ulikuja ujumbe wa punguzo la vifaa vya mtoto, kwenye simu anayotumia pamoja na mama mkwe wake. Alikuwa hajamwambia mtu. Uchambuzi wa ile famasi ulikuwa sahihi kabisa, na ndivyo ulivyomuumiza. Kwenye famasi, mauzo ya nyongeza yaishie kaunta, kwa mdomo wa mfamasia, kwa sauti ya chini.

Adhabu nazitaja kwa sababu watu huzisikia nusunusu. Mtu binafsi anayefichua taarifa binafsi kinyume cha sheria anaweza kutozwa faini kuanzia shilingi 100,000 hadi milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Kampuni ikipatikana na hatia, faini ni kuanzia milioni 1 hadi bilioni 5. Kando ya mahakama, Tume inaweza kutoza faini ya kiutawala isiyozidi milioni 100, na mhusika wa taarifa anaweza kudai fidia. Malalamiko yakiwasilishwa, Tume inatakiwa kuyachunguza na kuyaamua ndani ya siku 90, na muda huo unaweza kuongezwa. Kwa hiyo jibu barua ya Tume ndani ya muda uliowekwa humo, ambatisha nakala ya fomu ya ruhusa na kumbukumbu ya siku mteja alipoomba kuachwa, ukiwa nazo. Kunyamaza hakujamsaidia yeyote niliyemshauri.

Mabenki na watoa mikopo ya simu wajihadhari na jambo la pili: malengo. Wells Fargo ya Marekani iliwataka wafanyakazi wake wafikishe bidhaa nane kwa kila familia. Wafanyakazi wakaanza kufungua akaunti ambazo wateja hawakuziomba, kwa mamilioni. Mwaka 2016 benki ilitozwa dola milioni 185, na mwaka 2020 ikakubali kulipa dola bilioni 3. Ukimpima kijana wa kaunta kwa idadi ya vitu alivyoongeza peke yake, ataongeza. Pima pia vilivyorudishwa, na wateja waliorudi tena.

Niliporudi Goba, msasa ulikuwa unaning'inia kwenye waya juu ya ndoo za rangi, na risiti zilikuwa na majina ya bidhaa. Ameanza na fomu za ruhusa kwa wanaojenga. Zilikuwa kumi na nne kwenye faili, kila moja na sahihi yake. Lile daftari la namba lilikuwa bado chini ya kaunta, kurasa kumi na moja, hakuna hata mstari mmoja wenye idhini. Tulikubaliana lisibaki, akalichoma siku ileile nyuma ya duka.