Mkataba wa mkopo: mahali nchi maskini inapofungwa mikono

Deni la taifa likitajwa, swali la kwanza huwa moja: tunadaiwa kiasi gani? Kiasi kina uzito wake, lakini nguvu ya mkopeshaji juu ya nchi haitoki huko hasa. Iko ndani ya mkataba: riba itahesabiwaje, malipo yatatoka mfuko gani, mkizozana nani ataamua, na nani anaruhusiwa kuusoma. Mikopo ya reli ya kisasa ya Kenya, SGR, inafaa kutazamwa kwa karibu kwa sababu sehemu ya mikataba yake ilitolewa hadharani Novemba 2022, baada ya kufichwa kwa zaidi ya miaka minane.

Mei 2014 Kenya ilikopa kutoka Benki ya Exim ya China ili kujenga reli ya Mombasa hadi Nairobi. Mkopo wa kwanza ulikuwa wa masharti nafuu: dola bilioni 1.6, riba ya 2% isiyobadilika, miaka 20, na miaka 7 ya mwanzo bila kulipa deni lenyewe. Wa pili ulikuwa wa kibiashara: dola bilioni 1.63 kwa miaka 15, kwa riba ya Libor ya miezi sita (kiwango ambacho benki kubwa za London zilitumia kukopeshana, kinachopanda na kushuka) ukiongeza 3.6%. Huo wa pili ndio uliouma. Mwaka 2014 Libor ilikuwa chini ya 0.5%, kwa hiyo riba yote ilikaribia 4%. Kufikia 2023 riba za dola zilikuwa zimepita 5%, na riba ya mkopo ikavuka 8%. Kwa deni hilo likiwa zima, kila asilimia moja inayopanda ni dola milioni 16.3 zaidi kwa mwaka. Uamuzi wa kupandisha ulifanywa Washington, na benki kuu ya Marekani iliyokuwa ikipambana na mfumuko wa bei wa kwao.

Halafu kuna sarafu. Mkataba uliposainiwa dola moja ilikuwa takriban shilingi 88; Januari 2024 ilifika 160. Malipo ya dola milioni 100, ambayo mwanzoni yangehitaji shilingi bilioni 8.8, sasa yalihitaji bilioni 16, wakati mizigo na abiria wa reli hulipa kwa shilingi. Oktoba 2025 serikali ilitangaza kuihamisha mikopo ya SGR kutoka dola kwenda yuan, sarafu ya China, ikisema itaokoa takriban dola milioni 215 kwa mwaka. Ni nafuu ya kweli, ila mlipaji bado anategemea sarafu asiyoichapisha mwenyewe.

Mkopeshaji pia hutaka uhakika kwamba mradi utaingiza fedha. Kwa reli hii, Halmashauri ya Bandari iliahidi kiwango cha chini cha mizigo, kwa utaratibu ambao mizigo isipotosha, upungufu unalipwa hata hivyo. Ahadi hiyo ilishuka moja kwa moja hadi barabarani. Waagizaji walilazimishwa kusafirisha makontena kwa reli hadi Nairobi, na Mombasa wakapoteza kazi madereva, makanika, wenye bohari na mawakala wa forodha. Waliandamana mwaka 2019. Amri ikaondolewa Septemba 2022 serikali ilipobadilika.

Je, bandari ya Mombasa iliwekwa rehani? Hapa tuwe makini, maana uvumi umewachosha watu. Mkataba una kifungu ambacho nchi inakubali kuondoa kinga yake ya kutoshtakiwa. Maana yake ni kwamba mdai anaweza kupeleka shauri na kudai mali ya kibiashara ya serikali. Haimaanishi kwamba bandari fulani imetajwa kuwa dhamana. Kinachotia wasiwasi zaidi ni vifungu viwili vinavyoandamana nacho: mizozo inasuluhishwa Beijing kwa sheria ya China, na masharti hayatolewi kwa mtu wa tatu bila idhini ya mkopeshaji. Usiri ndio mbaya kuliko vyote, kwa sababu unamnyima mbunge nafasi ya kukataa mapema.

Wakopeshaji wa Magharibi hawana mikono safi. Mwaka 1876 wadai wa Ulaya waliunda tume ya kusimamia mapato ya Misri ili walipwe, na mwaka 1882 Uingereza ikaikalia nchi kijeshi. Leo mbinu ni ya kistaarabu zaidi. Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) hutoa fedha kwa mafungu, na kila fungu husubiri tathmini ya masharti. Wakopeshaji wengine nao husubiri tathmini hiyo hiyo. Maamuzi yake makubwa, kama kubadili mgawo wa hisa, yanahitaji 85% ya kura, na Marekani peke yake ina zaidi ya 16%, hivyo inaweza kuyazuia. Tanzania ilipokubaliana na IMF mwaka 1986 shilingi ilishushwa thamani, na miaka iliyofuata wazazi walitakiwa kuchangia shule na matibabu. Ada ya shule ya msingi iliondolewa 2001. Kenya ilipandisha kodi ya ongezeko la thamani (VAT) kwenye mafuta kutoka 8% hadi 16% Julai 2023 ikiwa ndani ya mpango wa IMF.

Mkenya ana chombo ambacho hakitumiki ipasavyo. Ibara ya 211 ya Katiba inasema bunge lolote kati ya mawili likipitisha azimio, waziri wa fedha ana siku 7 kuwasilisha kwa kamati husika taarifa za mkopo wowote: jumla ya deni na riba iliyolimbikizwa, matumizi ya fedha, mpango wa kulipa, na malipo yaliyofikiwa. Muulize mbunge wako au seneta wako ni lini mara ya mwisho aliomba azimio hilo, na kwa mkopo upi.